Duaradufu 23 katika mchoro wangu wa visa vya matumizi, na msimamizi amezikataa

Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu

Jambo kwenu nyote.

Ninaandaa kazi ya kumaliza masomo ya informatiki hapa Bukavu, ile tunayoiita TFC, na mada yangu ni mfumo wa kuuza nafasi katika boti zinazosafiri kati ya Bukavu na Goma. Niliichagua kwa sababu nimekaa mara nyingi bandarini nikimtazama mkata tiketi akiandika majina katika daftari, akikata jina, akiandika jingine juu yake, huku simu inaita na abiria watatu wanamnyoshea fedha kwa wakati mmoja.

Juma lililopita nilimpelekea msimamizi wangu sura ya uchambuzi. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa visa vya matumizi (use cases), yaani picha inayoonyesha nani anautumia mfumo na kwa lengo gani, wenye wahusika wanne, yaani Abiria, Mkata Tiketi, Mkuu wa Mfumo na Hifadhidata, pamoja na duaradufu 23. Baadhi ni "Kuingia katika mfumo", "Kuchagua tarehe", "Kubonyeza Thibitisha", "Kuhifadhi abiria", "Kurekebisha abiria", "Kufuta abiria" na "Kuchapisha tiketi". Kutoka karibu kila duaradufu nilivuta mshale wa vistari hadi "Kuingia katika mfumo" na kuandika juu yake neno la kujumuisha (include), kwa kuwa hakuna anayeweza kufanya lolote bila neno la siri. Nilitumia siku nne kuupanga mchoro huo ili mistari isikatane. Msimamizi aliurudisha ukiwa na mstari mmoja tu wa kalamu nyekundu: "Hii ni menyu ya programu. Anza upya."

Ninaomba msaada wa waliotangulia. Ni kitu gani hasa kinachofanya jambo liwe kisa cha matumizi na si hatua tu ndani ya kisa? Ni lini natumia uhusiano wa kujumuisha na lini ule wa kupanua (extend), na mshale unaelekea upande gani, maana vitabu viwili nilivyoazima vinachora kwa namna mbili tofauti? Tena, kwa kuwa tangu mwanzo wa masomo tulifundishwa MERISE, ile njia ya Kifaransa ya kuchambua mifumo, je, ninaruhusiwa kubaki na mchoro wangu wa data wa MERISE na kuuweka pamoja na michoro ya UML, ile lugha ya kuchora mifumo ya programu ambayo visa vya matumizi ni sehemu yake? Nimebakiwa na majuma matano.

Mwandishi wa programu, Himbi, Goma

Dada, pole kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo msimamizi wako amegusa mahali penyewe penye tatizo, na ni afadhali amepagusa sasa kuliko siku ya kuitetea kazi mbele ya jopo.

Kisa cha matumizi ni lengo la mtu. Mbele ya kila duaradufu jiulize hivi: je, kuna mtu anayeweza kutoka nyumbani Kadutu, akashuka mpaka bandarini kwa ajili ya jambo hili peke yake, kisha akarudi akiwa ametosheka? Mtu hushuka bandarini ili apate nafasi katika boti ya kesho. Hushuka ili abadilishe siku ya safari kwa sababu mtoto ameugua. Hushuka ili atume gunia la maharagwe kwa dada yake aliye Goma. Hakuna aliyewahi kushuka bandarini ili aandike neno la siri, wala ili abonyeze Thibitisha. Hayo ni hatua anazopitia akielekea kwenye lengo lake, na hatua huandikwa ndani ya maelezo ya kisa, hazipewi duaradufu. Kwa kipimo hicho peke yake, naamini duaradufu zako 23 zitapungua hadi saba au nane.

"Kuingia katika mfumo" iondoe kabisa pamoja na mishale yake yote. Iandike kama sharti la awali katika maelezo ya kila kisa kinachoihitaji: mkata tiketi ameshatambuliwa na mfumo. Sentensi hiyo moja inafanya kazi yote iliyokuwa ikifanywa na utando wa mistari uliokugharimu siku nne. Vivyo hivyo "Kuhifadhi abiria", "Kurekebisha abiria" na "Kufuta abiria" ni mambo yanayotokea katika jedwali la hifadhidata. Hakuna kazi ya bandarini inayoitwa kufuta abiria. Kuna kufuta safari ya abiria na kumrudishia fedha zake, na tazama jinsi jina hilo linavyoibua maswali mara moja: anarudishiwa kiasi gani, mpaka saa ngapi kabla ya boti kung'oa nanga, na nani ana idhini ya kurudisha?

Hifadhidata si mhusika. Chora kwanza mstatili wa mpaka wa mfumo, kisha uulize nani yuko nje ya mstatili na anazungumza na kilichomo ndani. Hifadhidata utaijenga wewe mwenyewe, kwa hiyo imo ndani. Lakini huduma ya pesa za simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, iko nje: hukuijenga, huwezi kuibadilisha, na inaweza kukujibu kwa kuchelewa au isikujibu kabisa. Hiyo ni mhusika, ingawa si mtu, na uichore upande wa kulia wa mstatili kama ilivyo desturi kwa wahusika wanaosaidia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotamani ulibebe kuliko yote, nalo ni kwamba mchoro ni kama faharasa ya kitabu, na kitabu chenyewe ni maandishi. Kila duaradufu inapaswa kuwa na ukurasa wake. Nikichukua kisa "Kuuza nafasi", mhusika mkuu akiwa mkata tiketi na sharti la awali likiwa kwamba safari imefunguliwa, ningeandika hatua zake hivi:

1. Mkata tiketi anachagua safari.
2. Mfumo unaonyesha nafasi zilizobaki.
3. Mkata tiketi anaandika jina la abiria, umri wake na namba ya simu ya jamaa yake.
4. Mfumo unashikilia nafasi na kutaja bei.
5. Abiria analipa.
6. Mfumo unathibitisha malipo, unaingiza jina katika orodha ya abiria na kutoa tiketi.

Hatua sita, na hakuna kitufe hata kimoja kilichotajwa. Halafu rudi juu na uulize kila hatua inaweza kuharibika vipi. Katika hatua ya 2 boti imeshajaa. Katika hatua ya 3 kuna mtoto anayepakatwa: anahesabiwa katika nafasi, au anahesabiwa katika orodha tu? Katika hatua ya 5 fedha zimekatwa katika simu ya abiria lakini uthibitisho haujafika kwa sababu mtandao umekatika. Hili la mwisho nimekutana nalo katika mfumo niliouandika kwa ajili ya duka moja hapa mjini. Nilikuwa sikuandika maelezo ya njia za pembeni, nilirukia msimbo moja kwa moja, na mfumo wangu ukawa unaiachia bidhaa kana kwamba mteja hajalipa, naye amesimama pale na ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba amelipa. Niliusahihisha kwa usiku tatu. Laiti ningeuliza swali hilo nikiwa bado kwenye karatasi, lingenigharimu dakika kumi.

Kwa mahali hapo pa hatua ya 5, na hapo tu, ningechora pia mchoro wa mfuatano unaoonyesha ujumbe unavyopita kati ya mkata tiketi, mfumo na huduma ya pesa za simu. Kisha ningechora mchoro wa hali kwa ajili ya nafasi yenyewe: iko wazi, imeshikiliwa, imelipiwa, imetumika, na mshale unaoirudisha kutoka kushikiliwa hadi wazi muda ukiisha bila malipo. Usichore aina zote 14 za michoro zilizomo katika UML kwa ajili ya kujaza kurasa. Wengi hufanya hivyo, na jopo huona.

Kuna jambo moja zaidi, na naomba ulipe uzito. Katika mchoro wako sikuona popote orodha ya abiria kama lengo la mtu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyokuwa ikitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Hesabu zilizotajwa za waliokuwemo zilitofautiana sana, na familia zilibaki zikitafuta majina. Yule anayekaa nyumbani akimngoja ndugu yake hagusi mfumo wako hata siku moja, kwa hiyo hatakuwa mhusika katika mchoro, lakini ana haki ndani yake. Ndiyo maana maelezo mazuri ya kisa huwa na sehemu ya wenye masilahi, na pia dhamana ya chini, yaani kile ambacho mfumo unaahidi kukilinda hata kisa kikishindwa. Weka kisa kinachoitwa "Kufunga orodha ya abiria", mhusika wake awe afisa wa bandari, lengo lake liwe kuthibitisha kwamba idadi ya majina inalingana na vichwa vilivyohesabiwa ndani ya boti, na dhamana yake ya chini iwe kwamba nakala ya majina inabaki nchi kavu kabla ya kamba kufunguliwa.

Mwalimu wa uchambuzi wa mifumo, Lubumbashi

Ndugu wa Himbi amesema yaliyo ya msingi, nami nitajibu swali la mishale na lile la MERISE, kwa kuwa ndiyo mawili yanayowaangusha wanafunzi wangu kila mwaka.

Mishale yote miwili ni ya vistari, na yote miwili inafuata kanuni moja: mshale hutoka kwa yule anayemjua mwenzake na kumwelekea yule anayejulikana. Katika kujumuisha, kisa cha msingi ndicho kinachojua. "Kuuza nafasi" hakiwezi kukamilika bila "Kupokea malipo", na "Kutuma mzigo" nacho hakiwezi kukamilika bila hicho hicho, basi mishale miwili inatoka kwenye visa hivyo viwili na kuelekea "Kupokea malipo". Chenyewe hakijui nani anakiita. Katika kupanua mambo yanageuka. Kisa cha msingi kimekamilika chenyewe, hakina habari kwamba kuna kinachoweza kuongezwa juu yake, na kile cha kuongeza ndicho kinachojua ni wapi kitajipachika na kwa sharti gani. "Kutoza uzito uliozidi" kinapanua "Kuuza nafasi" pale tu ambapo mizigo ya abiria imepita kiwango, kwa hiyo mshale unatoka "Kutoza uzito uliozidi" kwenda "Kuuza nafasi". Ukilisahau jambo hili siku ya jopo, jiulize: nikikifuta kisa hiki kimoja, ni kipi kati ya viwili kitakachopungukiwa? Kile kinachopungukiwa ndicho mshale unakotoka.

Kuhusu vitabu vyako viwili kutofautiana, nadhani kimoja ni cha zamani. Lugha hii ya UML ilianza kuunganishwa pale James Rumbaugh alipotoka General Electric mwaka 1994 na kuungana na Grady Booch katika kampuni ya Rational, kisha Ivar Jacobson akajiunga nao mwaka 1995, na OMG, shirika linaloweka kanuni za pamoja za programu, likaipitisha kuwa kanuni mwezi Novemba 1997. Katika matoleo ya mwanzo kulikuwa na uhusiano wa "kutumia" uliochorwa kwa mstari mzima wenye pembetatu tupu mwishoni, sawa na mstari wa urithi, ule unaosema kwamba kitu kimoja ni aina mahususi ya kingine. Toleo la 1.3 liliuondoa, likaweka kujumuisha kwa mshale wa vistari, na pembetatu ikabaki kwa urithi peke yake. Vitabu vilivyoandikwa kabla ya badiliko hilo bado vinazunguka katika maktaba zetu, na si kosa la mwanafunzi akivikuta. Wewe fuata toleo la pili la UML, lililoanza na 2.0 mwaka 2005. Toleo la 2.5.1 lilitoka Desemba 2017.

Jacobson huyo ndiye aliyeleta visa vya matumizi. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya simu katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, na mambo ya simu yanaeleza vizuri kwa nini fikra hiyo ilizaliwa huko. Kupiga simu kunagusa sehemu nyingi za mtambo, na ukieleza kila sehemu peke yake hakuna anayeiona simu yenyewe. Ilibidi kueleza safari nzima ya mpigaji, kuanzia anapoinua mkono wa simu mpaka anapourudisha, ikipita katika sehemu zote. Ukisoma tena mchoro wako wa duaradufu 23 utaona kwamba ulieleza sehemu za mtambo.

Sasa MERISE. Hakuna sheria inayokukataza kutumia mchoro wa data wa MERISE pamoja na visa vya matumizi, na mimi binafsi nimekubali kazi za namna hiyo pale mwanafunzi alipoeleza wazi kwa nini. MERISE ilizaliwa Ufaransa katika miaka ya 1970, ikiwa na fikra ya kutenganisha data na uchakataji, na kwa data bado ina nidhamu ninayoiheshimu sana. Lakini kuna mtego mmoja, na nimewaona watu wenye akili nyingi wakiuingia. Tuseme abiria mmoja anaweza kuwa na tiketi nyingi au asiwe na hata moja, na kila tiketi ni ya abiria mmoja tu. Katika MERISE, "0,n" unaiandika karibu na Abiria, kwa sababu unahesabu ni mara ngapi abiria anashiriki katika uhusiano, na "1,1" unaiandika karibu na Tiketi. Katika mchoro wa klasi wa UML, unaoonyesha aina za vitu vilivyomo katika mfumo, "0..*" unaiandika karibu na Tiketi, kwa sababu unahesabu ni tiketi ngapi zinazokutana na abiria mmoja, na "1" inakaa karibu na Abiria. Namba ni zile zile, pande zimebadilishana. Mwanafunzi anayehamisha mchoro wake kutoka MERISE kwenda UML kwa kunakili namba mahali zilipo anakuwa ameandika kwamba tiketi moja ni ya abiria wengi na abiria ana tiketi moja tu maisha yake yote. Hifadhidata itakayojengwa juu ya hapo itakataa safari ya pili ya kila mtu.

Kwa hiyo chagua njia moja kwa ajili ya data na uifuate mpaka mwisho. Ukichagua klasi za UML, chora upya ukiwa unasoma kila uhusiano kwa sauti, kwa sentensi kamili, pande zote mbili.

Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu

Aksanti sana, Mwalimu, na aksanti sana, ndugu wa Himbi. Nimeanza upya kama nilivyoagizwa. Nimebaki na visa vinane: Kuuza nafasi, Kubadilisha siku ya safari, Kufuta safari na kurudisha fedha, Kutuma mzigo, Kupandisha abiria, Kufunga orodha ya abiria, Kufungua safari, na Kufunga hesabu ya siku. Pembeni yake kuna "Kupokea malipo" kinachojumuishwa na viwili, na "Kutoza uzito uliozidi" kinachopanua kimoja. Wahusika sasa ni Mkata Tiketi, Afisa wa Bandari, Mwenye Boti, Huduma ya Pesa za Simu, na Abiria.

Hapo kwa Abiria ndipo ninapokwama. Ninataka mtu aweze kununua nafasi mwenyewe kwa simu, lakini wengi bado wataendelea kuja dirishani. Anayekuja dirishani hagusi mfumo. Anayegusa ni mkata tiketi. Nikiwaunganisha wote wawili na "Kuuza nafasi", je, mchoro wangu hautasema kwamba lazima wawepo wote wawili kwa pamoja?

Mwalimu wa uchambuzi wa mifumo, Lubumbashi

Utasema hivyo, au angalau msomaji atakuwa na haki ya kuusoma hivyo, na umefanya vizuri kuliona kabla ya kuambiwa. Njia safi ni kuingiza mhusika wa jumla, umwite Mwombaji wa Nafasi, na uwachore Abiria na Mkata Tiketi wakimrithi kwa mstari mzima wenye pembetatu tupu. Huyo wa jumla ndiye anayeunganishwa na kisa. Kumbuka kwamba mhusika ni nafasi ya kazi, si mtu fulani: mkata tiketi huyo huyo akijinunulia safari yake kwa simu yake siku ya mapumziko, siku hiyo ni Abiria. Pia badilisha jina la kisa liwe "Kupata nafasi", maana abiria aliye na simu yake hauzi kitu.

Mtengenezaji wa tovuti, Katuba, Lubumbashi

Ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini ningependa kutoa shaka yangu kwa nia njema. Katika kikundi chetu tunaandika kila hitaji la mteja kwa sentensi moja juu ya karatasi ndogo, tunaibandika ukutani, na baada ya majuma mawili mteja anaona kitu kinachofanya kazi. Hatujachora duaradufu tangu tulipotoka masomoni. Je, hatumpotezei dada huyu muda kwa jambo ambalo kazini hatalikuta?

Mwandishi wa programu, Himbi, Goma

Shaka yako ni ya haki, ndugu, na mimi pia hutumia karatasi hizo. Nakubali kwamba duaradufu peke yake haina thamani kubwa, na mtu akiniuliza achague nini kati ya mchoro bila maandishi na maandishi bila mchoro, nitamwambia achague maandishi. Lakini sentensi moja ya ukutani ni ukumbusho wa mazungumzo yatakayofanyika baadaye, na inatosha pale ambapo mteja anakaa jirani na utamwuliza kesho. Mwenye boti aliye katikati ya ziwa hawezi kuulizwa kila saa. Na katika karatasi hizo ndogo, lile swali la fedha zilizokatwa bila uthibitisho kufika huwa halina mahali pa kukaa, kwa sababu si hitaji la mtu yeyote, ni ajali inayotokea ndani ya hitaji. Maelezo ya kisa yana mahali pake.

Isitoshe, njia hizi mbili hazigombani. Mwaka 2011 Jacobson na wenzake walitoa mwongozo unaoeleza jinsi ya kukata kisa kimoja katika vipande vinavyojengwa kimoja kimoja: kwanza njia kuu pekee, abiria mmoja anayelipa taslimu, kisha kipande cha pesa za simu, kisha cha kurudisha fedha. Kila kipande kinaweza kubandikwa ukutani kwenu bila shida, na bado kila mtu anajua kimekatwa kutoka kisa gani.

Dada, kuhusu chombo cha kuchorea, kwa kuwa umeme wetu tunaujua, tumia draw.io ile inayowekwa katika kompyuta yenyewe, au PlantUML ambayo unaandika mchoro kama maandishi na programu inaupanga. Mistari ikikatana, si wewe unayekesha.

Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu

Ninarudi kuwaeleza kilichotokea, kwa sababu sikukitarajia.

Alhamisi nilishuka bandarini na kumwomba mkata tiketi yule ninayemzungumzia anipe nusu saa baada ya boti kuondoka. Ni mzee, nami ninamwita Papa kama wote wanavyomwita. Sikumwonyesha mchoro. Nilimsomea maelezo ya kisa "Kupata nafasi" kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, naye alikuwa akisikiliza huku anahesabu fedha zake. Nilipofika hatua ya 2, mfumo unaonyesha nafasi zilizobaki, akaweka fedha chini. Akaniuliza: zilizobaki kutoka wapi mpaka wapi? Sikumwelewa. Akanieleza kwamba boti yake ikipitia kisiwa cha Idjwi, kuna wanaoshuka pale na wengine wanaopanda pale, kwa hiyo kiti kimoja anaweza kukiuza mara mbili katika safari moja, kwa watu wawili ambao hawatakutana. Ndiyo sababu kitu cha kwanza anachomwuliza abiria si jina, ni anashukia wapi. Na ule ukataji wa majina katika daftari, ambao mimi niliudhani ni fujo, ulikuwa hesabu hiyo yenyewe: anayekatwa ni yule anayeshuka Idjwi, na anayeandikwa juu yake ni yule anayekirithi kiti.

Nimeketi jana na mchoro wangu wa klasi nikauvunja. Nafasi haiwezi tena kuwa na hali moja kwa safari nzima, wazi au imelipiwa. Nimeongeza klasi ya Kipande cha Safari, Bukavu hadi Idjwi na Idjwi hadi Goma, na tiketi inaungana na kipande kimoja au zaidi, upande wa Kipande nimeandika "1..*" na nimeusoma kwa sauti pande zote mbili kama Mwalimu alivyoagiza. Hali ya kuwa wazi au kushikiliwa sasa ni ya kiti katika kipande. Kisa cha "Kufunga orodha ya abiria" nacho kimebadilika, kwa sababu orodha inapaswa kufungwa mara mbili, Bukavu na tena Idjwi, na ile ya pili ndiyo Papa aliyoniambia hajawahi kuona ikiandikwa.

Msimamizi ameomba nimpelekee maelezo ya kisa hicho kabla ya mchoro wowote. Swali langu lililobaki ni hili: pale Idjwi ambapo mtandao unaweza kukosekana, nakala ya pili ya majina itabakije nchi kavu? Nimeiandika kama njia ya pembeni ya hatua ya mwisho, na bado sijaijaza.